Bomba la Shaba Lililotoka kwa Jirani

Msikilizaji, bila shaka unalikumbuka lile jiko la mafuta ya taa la kupiga pampu. Tangi lake lilikuwa la manjano, na kila likisuguliwa kwa jivu liling'aa kama pete ya arusi. Hiyo ndiyo shaba ya manjano, ambayo mafundi huiita brasi. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki.

Mabomba membamba ya brasi yanatafutwa sana. Hayashiki kutu kama chuma, hukatwa kwa msumeno wa mkono, na huunganishwa kwa lehemu. Ndiyo yanayotengenezewa tarumbeta, taa za mezani na fimbo za mapazia. Lakini bomba jipya dukani lina bei kali. Fundi mdogo afanyeje?

Kwanza, aulize masalio kwenye karakana kubwa. Kipande cha futi moja kisichowafaa wao huenda kikamtosha yeye. Pili, atafute taa mbovu na fimbo kuukuu za mapazia, lakini asiache sumaku nyumbani. Brasi haivutwi na sumaku. Ikinasa, ujue hicho ni chuma kilichopakwa rangi tu. Tatu, kuna rejeta za magari ya zamani. Vibomba vyake ni vya brasi, ila vimeungwa kwa lehemu yenye risasi, nayo risasi ni sumu. Visipitishe kamwe maji ya kunywa.

Sasa tuje kwenye njia ya nne, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike maikrofoni leo. Anakuja kijana na gunia, anauza kwa kilo, bei ya kutupa. Ndani mna nini? Mita nyingi za maji zina mwili wa brasi. Wewe umepata bomba, mtaa mzima umekosa maji, na huenda mtaa wenyewe ni wako.

Hapa Kenya tuna sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015, inayomtaka mfanyabiashara awe na leseni. Januari 2022, minara ya umeme ilipoharibiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara hiyo yote kwa miezi kadhaa. Mwizi na mwaminifu walifungiwa pamoja.

Kwa hiyo, fundi, mwulize muuzaji leseni, kisha dai risiti. Akianza kukasirika, mwachie gunia lake. Rahisi ni ghali.

Tukutane juma lijalo.