Sherehe ya Ofisini: Kijana Avae Nini?

Mwezi wa Desemba ukikaribia, vijana wetu walioajiriwa mjini hupata kadi ya mwaliko: sherehe ya kufunga mwaka. Wakubwa wa kazi na walio chini yao watakula pamoja, watasikiliza muziki, pengine watagawiwa zawadi. Kadi yenyewe ni ndogo, lakini huleta swali kubwa: nivae nini? Na mara nyingi swali hilo halibaki mjini. Hupita katika simu likafika kijijini: "Shikamoo baba. Nimepungukiwa fedha kidogo, nataka kununua suti."

Basi leo tulizungumze jambo hili nyumbani, wazazi na vijana pamoja. Msidhani ni la upuuzi. Kijana aliyeanza kazi mwaka huu hutazamwa na wengi siku hiyo. Akija kama aendaye shambani, watu watadhani ameudharau mwaliko. Akija aking'aa kuliko bwana harusi, watamcheka chinichini, na mwezi wa Januari deni litamcheka waziwazi. Kati ya hayo mawili iko njia ya katikati, nayo haina gharama kubwa. Neno lenyewe ni hili: vaa nguo safi inayokukaa vizuri, kisha ongeza jambo moja tu la furaha. Moja, si matatu.

SOMA KADI KWANZA

Kabla ya kwenda dukani, isome kadi vizuri. Sherehe ni saa ngapi, na ni mahali gani? Chakula cha mchana chini ya miti hakidai suti nyeusi na tai. Karamu ya usiku katika ukumbi wa hoteli haitaki shati lililotolewa nje ya suruali. Kadi isiposema kitu juu ya mavazi, muulize mtu aliyekaa kazini miaka mingi. Kuuliza si ujinga. Tena katika ofisi nyingi wafanyakazi hupatana kuvaa sare ya kitenge kimoja. Ole wake aliyenunua suti kwa mkopo, akaja kugundua kuwa wenzake wote wamevaa kitenge!

Kumbuka pia kwamba hii ni sherehe ya kazini. Watu utakaocheka nao usiku ndio utakaokutana nao asubuhi ya kazi, na mkubwa wako yumo. Kwa hiyo suruali iliyochanika magotini, kofia ndani ya ukumbi, miwani ya jua usiku na shati lililofunguliwa hadi kifuani, yote hayo yaache nyumbani. Serikali ya Tanzania ilitoa waraka juu ya mavazi ya watumishi wa umma mwaka 2007, kwa sababu vazi la mtumishi huheshimu au hudharau kazi anayoifanya. Sherehe haiondoi heshima hiyo; huilegeza kidogo tu.

HESABU KABLA YA NGUO

Kijana, kaa chini na karatasi. Mwezi unaofuata Noeli ni Januari, na Januari haina huruma. Kuna sare na madaftari ya wadogo zako, kuna kodi ya chumba, kuna mbolea na palizi huko nyumbani. Usiku mmoja wa kupendeza haufai kula fedha hizo. Ukiona vazi unalolitaka haliwezi kulipwa kwa fedha uliyoiweka akiba, basi vazi hilo si lako mwaka huu.

Wala usikimbilie kuazima suti ya rafiki. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri. Utakaa sherehe nzima ukiogopa tone la mchuzi, nawe utaonekana wazi kuwa umo ndani ya mabega ya mtu mwingine.

KOTI LA BABA SANDUKUNI

Wazazi, fungueni sanduku. Nyumba nyingi zina koti jeusi au la bluu iliyoiva, lililoshonwa kwa ajili ya harusi ya baba, likavaliwa mara chache, likatunzwa. Koti la namna hiyo, kitambaa chake kikiwa kizima, laweza kuwa bora kuliko lile jipya la bei rahisi linalong'aa kama karatasi.

Lakini litazameni mabega kwanza. Mshono wa bega uishie pale bega la kijana linapoishia. Fundi aweza kupunguza ubavuni, kufupisha mikono na kupandisha pindo la suruali. Kazi hizo si kubwa. Mabega ni kazi nyingine. Hayo huhitaji kufumuliwa koti zima, na gharama yake yaweza kupita thamani ya nguo. Mabega yakikataa, mwachieni baba koti lake.

Kisha funga kifungo. Kama kitambaa kinavutana tumboni na kufanya mikunjo mirefu, koti ni dogo. Mikono ya koti ifike kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, na shati lichungulie kama sentimita moja. Suruali iguse kiatu bila kujikunja mara mbili tatu. Tai ifike kwenye bizimu ya mkanda, isining'inie chini yake wala kuishia kitovuni.

Koti la vifungo viwili, funga cha juu tu. La vifungo vitatu, funga cha katikati. Cha chini huachwa wazi. Ukikaa mezani, fungua, ili koti lisikuvute.

Na kama umenunua koti jipya, tazama mkononi: pana lebo iliyoshikizwa kwa nyuzi chache. Vijana wengi huiacha, wakifikiri ni pambo la kuonyesha kuwa koti ni la dukani. Siyo. Imewekwa kwa ajili ya muuzaji, nayo hutolewa kabla ya kuvaa. Vivyo hivyo uzi wa msalaba uliofunga mpasuo wa nyuma. Ukate polepole kwa wembe, usije ukachana kitambaa.

SUTI YA KAUNDA

Si lazima uvae koti na tai. Wengi wetu twaijua suti ya Kaunda: koti jepesi lenye mifuko, la mikono mifupi au mirefu, na suruali ya kitambaa hicho hicho, bila tai. Jina lake latokana na Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia, aliyetawala tangu 1964 hadi 1991 na kufariki mwaka 2021. Alipenda kuivaa, na watu wa nchi nyingi za Afrika wakaiga.

Vazi hili lina heshima, tena halichomi katika joto. Lakini kila nyumba ina sheria zake. Huko Kenya, Rais William Ruto aliivaa mara nyingi mwaka 2023, hata mafundi wakapata kazi nyingi ya kuishona. Hata hivyo, Novemba mwaka huo huo, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, aliikataza ndani ya Bunge, akataka wanaume wavae koti, kola na tai. Vazi lile lile lilikuwa sawa kwa Rais na si sawa kwa mbunge kitini pake. Ndiyo maana twasema, isome kadi kwanza.

Na desturi za mahali zisisahauliwe. Huko Bukoba, na kwa jirani zetu wa Buganda, kanzu nyeupe na koti juu yake ni vazi kamili la mwanamume wa heshima. Anayelivaa hahitaji kumwomba mtu radhi.

SHATI LA KITENGE

Kwa kijana wa mshahara mdogo, shauri letu la kwanza ni hili: shati la kitenge lililoshonwa vizuri, suruali nyeusi au ya bluu iliyoiva, na viatu vilivyopigwa rangi. Kitenge chenyewe kimekwisha kuwa jambo la furaha, hakihitaji msaada. Usikitie tai ya maua, wala suruali ya mistari, wala mkufu shingoni.

Mtu wa kimo cha kawaida huhitaji kama yadi 2 na nusu kwa shati la mikono mirefu. Ukinunua kipande cha yadi 6, zinazobaki zaweza kumtosha mke au dada sketi. Kabla ya kukipeleka kwa fundi, kiloweke katika maji baridi, kikauke kivulini, kipigwe pasi. Pamba hunywea; afadhali inywee ingali kitambaa kuliko kunywea imekwisha kuwa shati. Chagua maua madogo au ya kiasi. Ua kubwa kama sahani likikaa katikati ya tumbo, watu watalitazama ua badala ya uso wako. Mwambie fundi alinganishe maua ya mbele, kushoto na kulia, na mfuko uungane na ua lililo chini yake. Hapo ndipo fundi hodari hujulikana.

Nenda kwa fundi mwezi wa Novemba. Wiki ya mwisho kabla ya Noeli, meza yake imejaa nguo za kijiji kizima, na haraka haraka haina baraka. Rudi ujaribu nguo kabla haijamalizwa.

JAMBO MOJA LA FURAHA

Mwenye suti ya rangi iliyotulia aweza kuonyesha furaha kwa kitu kimoja: tai nyekundu iliyoiva, au leso ya kijani kifuani, au shati la rangi ya maziwa badala ya jeupe. Nyekundu na kijani ni rangi zilizozoeleka siku za Noeli. Zikivaliwa zote mbili kwa wingi, mtu huonekana kama mti uliopambwa.

Fikiri na hali ya hewa. Desemba mjini Dar es Salaam upepo wa kaskazi unavuma na joto hupita nyuzi 30. Koti la sufu nzito lenye bitana litakutoa jasho kabla ya wali kufika mezani. Njombe na Mbeya, mvua zinanyesha na jioni ni baridi. Hapo koti ni rafiki. Penye tope, vibebe viatu vya sherehe mfukoni, ukavivae mlangoni.

Viatu na mkanda viwe rangi moja. Soksi ziwe ndefu, za rangi ya suruali, ili ukikaa mguu usionekane. Ukinunua mtumba, uinue juani: tazama kwapani, ndani ya kola, magotini na kati ya mapaja. Doa la kola huweza kutoka kwa sabuni. Kitambaa kilicholika hakirudi.

MWISHO

Vazi utakalolichagua liwe la kurudia. Nguo nzuri ya sherehe ya ofisini yafaa pia Misa ya Noeli, harusi ya binamu, kipaimara cha mdogo wako, na siku utakayoitwa kwa mazungumzo ya kazi nyingine. Nguo ya usiku mmoja ni hasara hata kama ilikuwa rahisi.

Nanyi wazazi, kijana akiuliza, msimjibu kwa ukali kwamba mnapoteza fedha kwa mambo ya mjini. Anauliza kwa sababu anataka kusimama mbele ya watu bila aibu. Tafuteni pamoja naye: koti sandukuni, fundi wa jirani, kitenge cha bei ya haki. Kisha mwambieni ajifunze pia kushukuru mwaliko, kusalimu wakubwa, kunywa kwa kiasi na kuondoka mapema. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kijana aliye safi, nguo zimemkaa, deni hana, huyo amekwisha kupendeza.