Tumbo Lililoshiba na Moyo Mzito

Leo napenda tuzungumze juu ya mambo ambayo watu wengi hudhani ni mawili, kumbe ni jambo moja: chakula tunachokula, na hali ya moyo na akili zetu. Mimi si mganga, ni karani tu. Kazi yangu ni kusoma yaliyoandikwa na wataalamu, kisha kuyaeleza kwa maneno ambayo mtu yeyote aweza kuwasomea jamaa zake jioni penye moto.

Nianze kwa habari niliyoiona mwenyewe. Katika kijiji kimoja alikuwako mama kijana ambaye baada ya kuzaa mtoto wa tatu alibadilika. Hapo kwanza alikuwa hodari wa jembe. Sasa akawa mtu wa kukaa mlangoni, hacheki, wala hasemi ila akiulizwa, na mtoto analia mgongoni. Wengine walisema ni mvivu. Wengine walisema amerogwa. Mama mkwe wake, mwanamke mwenye busara, hakuwasikiliza hawa wala wale, bali alimpeleka zahanati. Huko walimpima damu wakaona imepungua mno. Akapewa vidonge vya kuongeza damu, tena mganga akamwuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza: "Mama, wewe hula nini, nawe hula wakati gani?" Jibu lake likawa hili: ndizi na chai ya rangi, baada ya wote kwisha kula. Miezi michache baadaye nilimsikia akiimba shambani. Sisemi ya kuwa kila huzuni huponywa hivyo, lakini swali lile la mganga latupasa sisi sote.

Nchi yetu ni nchi ya migomba. Kwetu mtu asiyekula ndizi hujiona kama hajala, hata angalikula sahani ya wali. Ndizi ni chakula chema: hutia mwili nguvu ya kufanya kazi. Walakini ndizi peke yake haijengi mwili. Katika gramu 100 za ndizi zilizopikwa, protini, yaani kile kinachojenga nyama ya mwili, ni kama gramu 1 tu. Katika gramu 100 za maharage yaliyopikwa, protini ni gramu 8 hivi. Basi mtoto aweza kushiba ndizi asubuhi na jioni, tumbo likawa gumu kama ngoma, na bado mwili wake ukawa na njaa.

Njaa hiyo isiyolia yaonekana katika hesabu. Upimaji wa afya uliofanywa nchi nzima mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa mkoani Kagera, katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 34 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao upasavyo. Kwa Tanzania nzima hesabu ilikuwa 30. Katika upimaji wa mwaka 2015 na 2016 Kagera ilikuwa na watoto 42 katika kila 100. Basi tumepiga hatua, na tushukuru, lakini safari ingali ndefu. Tena kudumaa si habari ya urefu tu. Chakula kinachokosekana miguuni hukosekana na kichwani, maana ubongo wa mtoto hukua zaidi tangu siku za mimba hata umri wa miaka miwili.

Sasa tutazame jinsi chakula kinavyofika moyoni. Kwanza ni madini ya chuma. Damu hubeba hewa safi mwilini kwa nguvu ya madini haya. Yakipungua, mtu huchoka upesi, kichwa chamzunguka, na fikira zake huwa nzito. Wenye mimba na walionyonyesha ndio wapatwao zaidi. Madini haya yamo katika nyama, maini, dagaa, maharage na mboga za majani. Pili ni madini joto, yanayotiwa katika chumvi. Mama mjamzito akiyakosa sana, mtoto aweza kuzaliwa na akili pungufu, na upungufu huo hauna dawa baadaye. Kinga yake ni chumvi ya bei ndogo. Tatu ni vitamini iitwayo B12, ambayo hulinda neva na kumbukumbu. Hii haipatikani katika ndizi wala katika maharage, bali katika vyakula vitokavyo kwa wanyama: maziwa, mayai, samaki na nyama.

Pengine msomaji atauliza, "Je, ni kweli upungufu wa chakula waweza kubadili tabia ya mtu mzima mwenye nguvu?" Jambo hili lilijaribiwa. Mwaka 1945, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema, nao walikuwa wamekubali kwa hiari yao. Muda wa miezi sita walikula kama nusu ya chakula chao cha kawaida, zaidi viazi, mkate na vyakula vya jamii hiyo. Walipungua kama robo ya uzito wao. Lakini la kushangaza halikuwa kukonda. Vijana wale waliokuwa wachangamfu wakawa wakali na wenye huzuni, wakajitenga na wenzao, wakaacha kucheka, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Waliporudishiwa chakula, moyo nao ulirudi, ila polepole. Wahenga wa Kiswahili walisema, "Adui mwombee njaa." Walijua ya kuwa njaa humvunja mtu kwanza moyo, ndipo mwili.

Nasi tusiishie Marekani, maana hapa kwetu Tanzania jambo hili limechunguzwa vijijini. Mwaka 2006 wataalamu Craig Hadley na Crystal Patil waliandika habari za wanawake walezi wa watoto katika vijiji vya nchi hii. Waliona ya kuwa kadiri nyumba ilivyokosa uhakika wa chakula, ndivyo mama alivyozidi kuwa na wasiwasi na sonona, yaani ule uzito wa moyo usioondoka kwa siku nyingi. Mwaka 2008 waliandika tena, baada ya kuwafuata wanawake kwa majira mbalimbali ya mwaka, nao wakaona ya kuwa hali ya moyo hubadilika pamoja na hali ya chakula.

Hapa yafaa tufahamu vizuri. Chakula humwumiza mtu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya damu na ubongo niliyoieleza juu. Njia ya pili ni wasiwasi wenyewe: kulala usiku ukijiuliza kesho utateleka nini. Mama aweza kuwa ameshiba leo, na bado akaugua kwa hofu ya kesho. Tena mama mwenye sonona hawezi kumlisha mtoto vizuri. Hana nguvu ya kupika mara ya pili, wala subira ya kumbembeleza mtoto akatae akubali. Hivyo uzito wa moyo wa mama huhamia sahani ya mtoto.

Mkoa wetu una ushahidi wake juu ya thamani ya mama. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana Kagera mwaka 1983, na baada ya hapo nyumba nyingi zikabaki na watoto yatima. Tangu mwaka 1991 hata 1994 wachunguzi walizitembelea mara kwa mara kaya zaidi ya 900 za Kagera, na Karagwe ikiwamo, wakati Kyerwa ilikuwa bado haijawa wilaya ya peke yake. Mwaka 2004 waliwatafuta tena watu wale wale. Waliona ya kuwa watoto waliofiwa na mama walikuwa na upungufu wa urefu wa kama sentimita 2, na wa mwaka mmoja hivi wa masomo, na upungufu huo haukufidiwa walipokua.

Na jirani zetu wa Muleba wametuonyesha kinyume chake, kwamba mzigo ukipunguzwa moyo huinuka. Huko Nshamba shirika la Kwa Wazee liliwapa wazee, wengi wao mabibi wanaolea wajukuu yatima, fedha kidogo kila mwezi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha ya kuwa wazee hao walikula vizuri zaidi, na masumbufu ya moyo yalipungua.

Je, chakula bora chaweza kumsaidia mtu ambaye tayari ana sonona? Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake wa Australia walitoa habari za jaribio la majuma 12 kwa wagonjwa 67. Nusu yao walifundishwa kula mboga, matunda, jamii ya maharage, nafaka zisizokobolewa, samaki na mayai. Wengine walipewa mtu wa kuzungumza nao tu. Katika wale wa kwanza, kama 32 katika kila 100 walipona sonona; katika wale wengine, 8. Jaribio hili ni dogo, tena wengi wa wagonjwa waliendelea na matibabu yao mengine. Basi chakula ni msaidizi wa dawa, si adui yake wala badala yake.

Sasa shauri, maana habari bila shauri ni kama jembe bila mpini.

Kwanza, ndizi zibaki, lakini zisikae peke yake sunguriani. Zipikwe pamoja na maharage au karanga, na pembeni ziwepo mboga za majani, kama mchicha au majani ya maboga, pamoja na mafuta kidogo. Dagaa wachache waliotwangwa hutosha kumfaa mtoto. Senene wakija, wasiwe wa kuuza wote. Wana protini na mafuta mengi.

Pili, chai na kahawa zisinywewe pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ngojeni saa moja hivi. Badala yake kuleni papai, embe au chungwa, ambayo huyasaidia kuingia. Chumvi yenye madini joto ifunikwe vema, na itiwe chunguni karibu na mwisho wa kupika.

Tatu, nawaambia wanaume wenzangu. Zamani katika nchi nyingi za Maziwa Makuu wanawake walikatazwa kuku na mayai. Mwiko huo umepungua, lakini desturi ya mama kula mwisho ingali ipo katika nyumba nyingi. Mwenye mimba na anyonyeshaye wapakuliwe kwanza. Tena tuache butura. Mtu auzaye kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, ameuza pamoja nayo usingizi wa mkewe. Hali kadhalika maharage: yasipakiwe yote garini siku ya mavuno, bali kipimwe kwanza cha nyumba, ndipo kiuzwe kinachobaki. Na pombe ya ndizi isidhaniwe kuwa dawa ya huzuni. Humsahaulisha mtu usiku mmoja, asubuhi huzuni iko palepale na fedha haipo.

Nne, tutunze migomba. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia Kagera, miaka kama 20 iliyopita, wako waliopoteza shamba zima, na pamoja na shamba amani ya moyo. Ondoeni ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu. Pitisheni kisu motoni kabla ya kuhamia shina jingine. Mgomba mgonjwa ung'olewe.

Mwisho, mtu akikaa majuma mawili au zaidi katika huzuni isiyoondoka, halali, hana hamu ya kula, au asema afadhali kufa, msimcheke wala msimwache peke yake. Mpelekeni kwa waganga wa zahanati au hospitali bila kukawia, maana huo ni ugonjwa kama homa ilivyo ugonjwa.

Katika lugha zetu za huku neno omutima ni moyo uliomo kifuani, na ndilo hilo hilo tulitumialo kwa furaha na huzuni ya mtu. Basi jioni hii, kabla hujamwita jirani yako mvivu au kusema amerogwa, uliza kwanza kama alivyouliza mganga yule: amekula nini, na amekula wakati gani?