Kompyuta Mpakato Kongwe na Mfumo wa Linux

Kompyuta mpakato yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 haifai kuhesabiwa kuwa imekufa. Mfumo wa Linux, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, waweza kuihuisha, mradi lichaguliwe toleo jepesi kama antiX. Lakini hapana budi kutazama prosesa kwanza: ikiwa ni ya biti 32, Debian 12 ya mwaka 2023 ndiyo ya mwisho yenye kisakinishi chake, wala kuongeza kumbukumbu hakutasaidia. Jina “kumbukumbu”, kwa hakika, lapotosha: chombo hicho husahau yote umeme ukatikapo, kinachokumbuka ni diski. Nayo diski usakinishaji huweza kuifuta nzima, kwa hiyo faili zote zinakiliwe mahali pengine mapema.