Glasi ya Soda na Swali la "Do You Drink?"



Siku chache zilizopita alinijia kijana mmoja nje ya studio, akanikuta nimekaa barazani nangojea zamu yangu. Alinipa shikamoo, nikaitikia marhaba, kisha akakaa kimya kwa muda kama mtu aliyekuja na mashtaka. Kijana huyu ni dereva. Ana leseni, ana adabu, na kidato cha nne amekimaliza. Alikuwa amekwenda kuomba kazi ya kuchukua wageni kwa gari katika hoteli moja huko pwani ya mashariki. Meneja, ambaye si mtu wa hapa, alimkaribisha vizuri, akamwekea glasi ya soda. Kijana akainua glasi, akapiga funda moja. Hapo meneja akamwuliza: "Do you drink?" Naye akajibu kwa uchangamfu: "Yes, sir, I am drinking. Thank you." Meneja akaandika kitu katika karatasi yake. Kazi hakuipata.

"Sasa ami," akaniuliza, "kosa langu nini? Si nilikuwa nakunywa kweli?"

Alikuwa anakunywa kweli, lakini soda sicho alichoulizwa. Meneja aliuliza habari ya mazoea: wewe ni mtu wa kunywa ulevi? Na kijana ambaye tone la pombe halijapata kupita kooni mwake akajitangaza mlevi kwa kinywa chake mwenyewe, tena akashukuru.

Nimeona leo tuizungumze sehemu hii ya Kiingereza, kwa sababu najua si yeye peke yake. Watoto wetu wakifika sekondari hukuta masomo mengi yanasomeshwa kwa lugha hiyo, na tangu Mji Mkongwe uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, mengi ya maisha ya mjini hapa yanategemea mgeni na kijana wa Kizanzibari kuelewana.

Waingereza wana namna mbili za kusema jambo la wakati uliopo. Ya kwanza ni ya jambo linalotendeka sasa hivi, mbele ya macho: "I am drinking." Ya pili, ambayo ndiyo mada yetu, ni kitenzi kitupu: "I drink." Hii ni ya mazoea, ya kazi ya mtu, ya tabia, na ya mambo yaliyo kweli siku zote. Jua huchomoza mashariki, "the sun rises in the east". Karafuu huhitaji mvua. Mama huuza samaki Darajani. Hakuna katika hayo linalongoja mtu atazame saa.

Tatizo letu linaanzia skuli. Mwalimu huandika ubaoni kwamba "I go" ni "ninakwenda", na mtoto akanakili. Hapo mlango wa makosa umeshafunguliwa, kwani "ninakwenda" ya Kiswahili ni pana mno. Tukisema "anafanya kazi benki", huenda mtu huyo wakati ule yuko nyumbani amelala. Kiambishi "-na-" kinabeba yote mawili, la sasa hivi na la kila siku. Basi mtoto akiwa na neno moja kwa mambo mawili atachagua lipi? Aghalabu hulichagua lile refu, kwa kudhani kwamba Kiingereza kirefu ndicho kizuri zaidi: "I am going to school every day." Mwingereza atamwelewa, lakini atajua hapo hapo kwamba lugha haijakaa.

La kushangaza ni kwamba sisi wa Unguja ndio tusiopaswa kubabaika. Lahaja yetu ya mjini ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na zamani zaidi, Edward Steere, aliyefika hapa mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alichapa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, akazitenga "hu-", "-a-" na "-na-" kila moja mahali pake. Tunazo zote tatu. Tunasema "huenda", tunasema "wenda wapi?", tunasema "unakwenda wapi?" Basi mwalimu aandike ubaoni kwamba "I go" ni "mimi huenda", na nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Itazame hiyo "hu-" kwa makini. Mimi huenda, wewe huenda, yeye huenda, sisi huenda, wao huenda. Nafsi zinabadilika, kitenzi hakibadiliki. Kiingereza ni hivyo hivyo: "I go, you go, we go, they go." Na methali zetu, je? Haba na haba hujaza kibaba. Chanda chema huvikwa pete. Methali nyingi za Kiingereza nazo zimo katika wakati huu huu, maana methali haisemi la leo.

Palipo na mtego ni kwa yeye mmoja tu. Nafsi ya tatu umoja, yaani mwanamume mmoja, mwanamke mmoja au kitu kimoja, Kiingereza huongeza "s" mwishoni mwa kitenzi: "he drives", "she sells", "the boat leaves". Kitenzi kikiishia kwa sauti za msuguano kama "wash" au "teach", huongezwa "es", ikawa "washes" na "teaches", na "go" nayo huwa "goes". "Carry" huacha "y" yake ikawa "carries", lakini "play" haiachi kitu, kwa kuwa kabla ya "y" ipo irabu. "Have" huwa "has". Yaliyobaki ni mazoezi.

Ila nataka nikae kidogo juu ya hiyo "s", kwa sababu inawasumbua hata watu wazima wenye vyeti. Mtoto wetu amezaliwa katika lugha ya upatanisho. Vitabu vikubwa vyangu vimepotea: "vi" kila mahali, kama wimbo. Basi akiona kwamba wingi wa "boat" ni "boats", anaona heshima ya lugha inataka na kitenzi kipate "s" yake, anasema "the boats leaves". Kumbe Kiingereza kina ubahili. "S" ni moja, kama kiti kimoja katika chumba: jina likikikalia, kitenzi kinasimama, kitenzi kikikalia, jina linasimama. "The boat leaves." "The boats leave." Yapo majina ya wingi yasiyo na "s", kama "children", na mengine yenye "s" katika umoja, kama "bus", lakini kwa anayeanza hesabu hii inatosha.

Ukikanusha au ukiuliza, "s" inahama nyumba. Huingia neno "do", na kwa yeye mmoja "does", ambalo limeshaichukua "s" yote. "He drives" inakuwa "he does not drive" na "does he drive?" Anayesema "does he drives?" amelipa nauli mara mbili kwa daladala moja.

Na hapa kwenye kukanusha ndipo Kiswahili kinapotutega kabisa. Tulikuwa na milango mitatu ya kuingilia, lakini ya kutokea ni mmoja: huenda, aenda, anakwenda, zote kanushi yake ni "haendi". Mzazi akiambiwa "mwanao haendi skuli", lazima aulize: leo, au ameacha? Kiingereza hakimwachi aulize. "He is not going to school today" ni homa ya siku moja. "He does not go to school" ni balaa. Ukiandika barua kwa mtu wa nje anayemlipia mtoto ada, ukazichanganya hizo mbili, usishangae majibu.

Kuna pahala pengine namna zote mbili ni sahihi, lakini habari si moja. Wengi wetu tuna ndugu Oman. "My uncle works in Muscat" maana yake huko ndiko kazini kwake. "My uncle is working in Muscat" husikika kama yuko kwa muda, na shangazi bado anamngoja. Vitenzi vya moyoni, kama kujua, kutaka, kupenda na kuamini, havipendi kabisa ile namna ndefu: sema "I know", "I want". Sikiliza utaona na sisi tukiviendea vitenzi hivi mara nyingi twatumia "-a-": wataka nini, wajua wewe. Si kanuni, ni kidokezo cha masikio yangu.

Jambo la mwisho ni ratiba. Boti ya kesho asubuhi kwenda Dar es Salaam ni jambo la kesho, lakini Mwingereza atasema "the boat leaves at seven tomorrow", kwa kuwa safari iliyopangwa kwake ni kama mazoea. Hiyo "seven" ni saa moja yetu, na msafiri akiitafsiri saa saba atafika bandarini Malindi akute maji matupu.

Yule kijana nilimpa kazi ya nyumbani: aandike sentensi kumi juu ya shughuli za mama yake za kila siku. Juzi alizileta. Nane zilikuwa sawa. Ya tisa aliandika "My mother don't eat octopus", na ya kumi "She is waking up at five every morning". Tulikaa tena barazani tukazitengeneza, na aliponyanyuka kwenda zake nikamwuliza kwa ghafla, "Do you drink?"

Akatazama kwanza mikono yake kama ina glasi, kisha akajibu, "No, ami, I don't."