Kichwa Kikiuma Mlimani, Shuka

Sisi tuishio chini ya Kilimanjaro tumezoea kuuona mlima wetu kila mawingu yanapofunguka. Kwa mgeni atokaye mbali, Kibo ni safari ya mara moja maishani. Kwa familia nyingi za parokia zetu, Kibo ni ada ya shule, bati za nyumba na unga wa mwezi. Baba ni mwongozaji, mjomba ni mpishi wa msafara, na kijana aliyemaliza kidato cha nne ni mpagazi. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unazungumzia ugonjwa unaowapata watu hao huko juu, ugonjwa ambao dawa yake inajulikana na haiuzwi dukani, lakini bado unaua.

Tuliketi na mama mmoja na mwanawe nyumbani kwao, jioni, chai ikiwa mezani. Kijana ana miaka 22, mwili umejengeka, na hajawahi kulazwa hospitali. Katika safari yake ya tatu, kichwa kilianza kumwuma alipofika Horombo. Alinyamaza. Kesho yake, kwenye kituo cha Kibo, alishindwa kula, akajificha nyuma ya jiwe akatapika. Alinyamaza tena. Asubuhi alipoinuka kubeba mzigo alipepesuka kama mlevi. Wenzake walicheka. Mpishi, mtu mzima wa miaka mingi mlimani, hakucheka. Alimwambia atembee kwa kugusisha kisigino cha mguu mmoja na vidole vya mguu mwingine. Alishindwa hatua ya tatu. Saa ile ile wenzake wawili wakamshika wakateremka naye, na jioni aliweza kunywa uji.

"Mbona hukusema mapema?" tulimwuliza.

"Mpagazi akirudishwa analipwa siku alizofanya kazi tu, na bakshishi hana," akajibu. "Safari ijayo wanamchukua mwingine."

Mama yake alikuwa akitazama chini. "Nami ndiye niliyemwambia asirudi mikono mitupu," akasema.

Hayo maneno mawili, la kijana na la mama, ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii.

UGONJWA HUU NI NINI?

Hewa tunayovuta kileleni ina oksijeni kwa uwiano ule ule wa hewa ya Moshi mjini au ya Tanga pwani. Tofauti ni kwamba kadiri mtu apandavyo, hewa inakuwa nyepesi. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, pumzi moja humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Mwili una uwezo wa kujizoeza: pumzi huongezeka, moyo huenda mbio, na baadaye damu nayo hujirekebisha. Lakini kazi hiyo inahitaji siku kadhaa. Apandaye haraka kuliko mwili unavyoweza kujizoeza, huugua.

Ugonjwa huanza kwa namna nyepesi: kichwa kuuma, kichefuchefu au kutapika, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida. Wengi hudhani ni jua, au malaria, au njaa. Kanuni ya waongozaji wazuri ni hii: ukiwa juu ya mita 2,500 na kichwa kikauma pamoja na mojawapo ya dalili hizo, hesabu kwamba ni mlima mpaka ithibitike vinginevyo.

Asiyesikia onyo hilo akaendelea kupanda anaweza kufikia hatua mbili za hatari. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mgonjwa hupepesuka, huongea maneno yasiyoeleweka, hugombana bila sababu au husinzia asiamke vizuri. Ya pili ni mapafu kujaa maji. Mgonjwa hukosa pumzi hata akiwa amekaa, hukohoa, midomo hugeuka rangi, na kifua hutoa sauti kama ya maji yachemkayo. Mara nyingine makohozi huwa na povu lenye rangi ya damu. Hatua hizi zote mbili zinaweza kumwua mtu kwa muda usiozidi siku moja. Zinaweza pia kumpata mtu mmoja kwa pamoja.

MBONA HATA WENYEJI HUUGUA?

Wengi wetu tunaamini kwamba mtoto aliyezaliwa Kilema, Kibosho au Rombo ana mlima ndani ya damu. Si kweli. Vijiji vyetu viko chini sana ukilinganisha na Kibo, na mazoea ya mwili kwa hewa nyepesi hupotea baada ya wiki chache za kukaa chini. Mwongozaji aliyefika kileleni mara hamsini naye anaweza kuugua safari ya hamsini na moja, hasa akiwa amepumzika nyumbani msimu mzima.

Nguvu nazo si kinga. Kijana mwenye mapafu ya mwanariadha huweza kuugua kabla ya mzee anayejikokota, kwa sababu nguvu zake humfikisha juu kabla mwili haujawa tayari. Na mpagazi humtangulia mgeni kila siku, akiwa na mzigo kichwani, ili hema lisimame na chai iive mgeni anapofika. Wapagazi wenyewe huitana "wagumu". Ni jina la heshima, lakini ni jina linalomfunga mtu mdomo. Mgumu atasemaje kwamba kichwa kinamwuma?

HESABU YA VITUO

Madaktari wa milimani wanashauri kwamba mtu akipita mita 3,000, mahali anapolala leo pasizidi mahali alipolala jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku moja bila kupanda. Sasa tazameni njia ya Marangu. Mandara iko kwenye mita 2,700 hivi, Horombo 3,700, na kituo cha Kibo 4,700. Kila siku ni mita 1,000, mara mbili ya kiasi kinachoshauriwa. Kisha kutoka Kibo watu huamka usiku wa manane na kupanda karibu mita 1,200 nyingine kabla jua halijawa kali.

Ndiyo maana siku moja ya ziada Horombo si anasa ya mgeni mwenye fedha. Ni dawa. Njia ya Machame nayo ina busara yake: watu hupanda mpaka mnara wa mawe uitwao Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, kisha hushuka kulala Barranco chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Na lile neno ambalo waongozaji wetu wamewafundisha watu wa mataifa yote, yaani "pole pole", ni ushauri wa kitabibu uliotangulia vitabu vyetu vingi.

NANI ASIENDE KABLA YA KUMWONA DAKTARI?

Wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, wenye upungufu mkubwa wa damu, na akina mama wajawazito wapate kwanza ushauri wa daktari. Lakini liko kundi moja tunaloomba lisisahaulike, nalo ni wenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli. Hewa nyepesi huwaletea maumivu makali na hatari kubwa. Hata aliyerithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye nyumbani ni mzima kabisa, anaweza kupata madhara ya bandama huko juu. Maumivu ya ghafla ubavuni upande wa kushoto yasipuuzwe. Kama katika ukoo wenu kuna mtoto mwenye siko seli, ndugu zake wapimwe damu kabla ya kuomba kazi ya mlimani.

TIBA NI IPI?

(a) Dalili nyepesi zikianza, usipande zaidi. Pumzika hapo ulipo, kunywa maji kadiri ya kiu, kula kidogo kidogo. Dalili zikiisha ndipo uendelee. Zisipoisha, shuka.

(b) Mtu akipepesuka, akichanganyikiwa, au akikosa pumzi akiwa amekaa, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha na kuna njia salama ya kupita. Kusubiri asubuhi kumewagharimu watu maisha. Mara nyingi kushuka mita 300 hadi 1,000 huleta nafuu ya wazi.

(c) Mgonjwa asishuke peke yake kamwe. Awe na mtu mzima wa afya pembeni yake, naye asibebe mzigo wowote.

(d) Oksijeni ya mtungi, mfuko maalumu wa kumpulizia mgonjwa hewa yenye shinikizo, na dawa za hospitali husaidia wakati mnapojiandaa kushuka. Havichukui nafasi ya kushuka.

(e) Vidonge vya Diamox humsaidia mtu kuzoea, lakini vitolewe na mganga, hasa kwa kuwa havimfai kila mtu. Vidonge vya maumivu vinaweza kutuliza kichwa, ila mtu asivimeze ili apate kuendelea kupanda. Dawa za usingizi na pombe huko juu hupunguza pumzi wakati mwili unaihitaji zaidi.

BARIDI NA JIKO

Maradhi mengine mawili huwapata zaidi wapagazi kuliko wageni. La kwanza ni mwili kupoa mno. Mtu aliyeloa mvua akiwa na viatu vya raba na sweta moja huanza kutetemeka. Baadaye kutetemeka hukoma, maneno humwia mazito, akili hulegea. Kukoma huko si nafuu, ni hatari. Avuliwe nguo zilizoloa, afunikwe na vikavu, alindwe na upepo, na akiweza kumeza apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Mjini Moshi upo mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, ulioanza mwaka 2003, ambao huwaazima mavazi ya mlimani bila malipo. Kijana asione haya kwenda kuuliza.

La pili ni moshi usioonekana. Jiko likiwashwa ndani ya hema lililofungwa ili kupata joto, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huleta kichwa kuuma na usingizi usio na kuamka. Pikeni mlango ukiwa wazi. Msilale jiko likiwaka.

NYUMBANI TUFANYE NINI?

Mgonjwa yuko juu, lakini sehemu ya tiba iko huku chini, jikoni kwetu. Kijana anayepanda akijua kwamba nyumbani wanasubiri fedha tu, atanyamaza mpaka aanguke. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, nasi wa mlimani tumekisikia kilio hicho.

Kwa hiyo, kabla mtoto hajaondoka, tumwulize mambo matatu. Je, ametimiza miaka 18? Je, mzigo wa msafara unapimwa na hauzidi kilo 20, mbali na vitu vyake mwenyewe? Je, ana soksi kavu, koti la mvua na mahali pa kulala? Kisha tumwambie kwa sauti, mbele ya wadogo zake: "Kichwa kikikuuma, sema. Wakikurudisha, karibu nyumbani."

Kwa waongozaji wanaosoma ukurasa huu tunaongeza ombi moja. Mnawauliza wageni asubuhi na jioni walivyoamka na walivyokula, na wengine mnawapima oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni. Wapimeni na wapagazi. Na wenye makampuni wahakikishe kwamba aliyeugua kazini hapotezi ujira wake, kwa maana ujira unaokatwa ndio unaofundisha watu kuficha dalili.

Tukumbuke pia historia ya mlima wenyewe. Mjerumani Hans Meyer alijaribu kufika kileleni mwaka 1887 akarudi. Mwaka 1889 alikuja tena pamoja na Ludwig Purtscheller. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa juu wakiwa wamechoka na muda umekwenda, nao wakateremka. Walipumzika, wakapanda tena, na tarehe 6 Oktoba wakafika kileleni. Hata wanaotajwa vitabuni kuwa wa kwanza kufika kileleni walikubali kwanza kurudi.

Kijana wetu naye amerudi kazini, kwa msafara mwingine. Safari iliyopita alisikia kichwa kikimgonga tena pale Horombo, na mara hii alimwambia mwongozaji jioni ile ile. Walimwacha kituoni apumzike siku moja, kisha akateremka na wenzake. Mama yake alipomwona mlangoni hakumwuliza amepata kiasi gani. Alimwuliza, "Kichwa kinaendeleaje, mwanangu?"