KISANDUKU CHA INTANETI KWENYE DARI: HATARI YENYEWE IKO WAPI?



Tangu fundi afunge kile kisanduku cheupe kwenye dari ya biro ya mishahara hapa Kalunguta, dispansari imepata maswali ya kila namna. Mama mmoja mwenye mimba anamtuma mtoto kuchukua karatasi za baba, maana yeye mwenyewe hataki kupita chini yake. Kapita mmoja anasema kichwa kinamuuma tangu siku ile. Vijana wa karakana hawaogopi kitu: wao wanataka kupanda juu waone namna kilivyofungwa. Basi, kwa macho ya dispansari, hao vijana ndio walio karibu zaidi na hatari. Na kwa kuwa visanduku vingine vitafungwa kwenye depo, kwenye garaji na hata katika dispansari yenyewe, inafaa tuongee sasa, kabla ngazi hazijasimamishwa.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Watu wanakiita waifai. (Msomaji aliyeoa Mombasa au Tanga asitucheke. Wifi wa huko ni dada ya mume, na yeye hafungwi darini.) Waya wa intaneti unaingia ndani ya kisanduku, nacho kinageuza habari za waya kuwa mawimbi ya redio, ili kompyuta na simu za mle biro zipate kuzisikia bila waya. Kompyuta nayo inajibu kwa mawimbi vilevile. Ni redio ndogo inayosema na kusikia. Radio Okapi tunaisikiliza tangu mwaka wa 2002, na hakuna aliyesema inaharibu mimba, ingawa mtambo wake una nguvu mara nyingi kuliko kisanduku hiki. Kazi ya kutuma habari za kompyuta kwa redio ilianza visiwani Hawaii mwaka wa 1971, na kanuni za kimataifa za waifai zilitolewa mwaka wa 1997. Si jambo la jana.

Nguvu yake ni kiasi gani? Kwa kawaida, kwenye mawimbi ya gigahezi 2.4, ni kama milliwati 100, yaani sehemu moja ya kumi ya wati. Balbu ndogo ya tochi inatumia zaidi. Simu ya mkononi ya namna ya zamani inaweza kufika wati 2 kwa vipindi vifupi, nayo unaibana sikioni. Jiko la mikrowevu ambalo wengine wameliona Butembo linatumia mawimbi ya jamii hiyohiyo, lakini kwa wati 700 hadi 1,000, tena zote zimefungiwa ndani ya sanduku la chuma ili zipike nyama. Wataalamu wa kimataifa wameweka mpaka kwa watu wote: wati 10 kwa kila mita moja ya mraba ya mwili. Mtu aliyesimama mita moja kutoka kwenye kisanduku cha milliwati 100 anapata chini ya sehemu moja ya mia ya wati. Anayekaa chini ya dari, mita mbili mbali, anapata robo ya hiyo.

Wengine wanasema, «Lakini miale ni miale, hata ile ya kupiga picha ya mifupa.» Hapana. Miale ya picha ya mifupa ina nguvu ya kuvunja chembe ndogo kabisa za mwili, ndiyo sababu mama mwenye mimba hapigwi picha ovyo. Mawimbi ya redio hayana nguvu hiyo. Yakiwa mengi mno yanaweza kupasha joto tu. Ni kweli kwamba mwaka wa 2011 shirika la utafiti wa kansa la Umoja wa Mataifa liliyaweka mawimbi haya katika kundi la vitu ambavyo «huenda» vikaleta kansa, hasa kwa sababu ya uchunguzi juu ya watu wanaotumia simu sana sikioni. Maana yake ni kwamba ushahidi ulikuwa kidogo, na wenye elimu hawakutaka kufunga mlango. Mimi namwambia mama mwenye mimba: ingia biro bila hofu, chukua karatasi zako, kisha rudi nyumbani ulale ndani ya chandarua, kwa maana malaria ndiyo inayotafuta mimba yako. Na bwana kapita aje apimwe presha na macho.

Uvumi si mchezo. Uingereza, mwezi wa Aprili 2020, watu walichoma minara ya simu wakidhani inaleta kovidi. Sisi hatuna haki ya kuwacheka. Hapa kwetu Ebola ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na haikumalizika mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa, na zone ya afya ya Kalunguta ilikuwa kati ya zile zilizoguswa. Kila aliyemgusa mgonjwa ilibidi afuatwe siku 21, na habari zake zipelekwe kila siku. Penye mtandao mbovu karatasi ilisafiri kwa pikipiki, na huku uvumi ulikuwa umefika zamani. Ndiyo sababu napenda kisanduku kimoja kifungwe dispansari: jibu la maabara la kutoka Beni au Butembo lisingoje barabara ikauke.

Sasa twende kwenye dari, maana ndiko hatari inakokaa.

Nyumba nyingi za kazi zilizojengwa wakati wa Wabelgiji zina mabamba ya eterniti, juu ya paa au chini yake. Ni bamba la kijivu, gumu kama saruji, linavunjika kama kigae. Ndani yake kuna amianto, nyuzi za jiwe nyembamba kuliko unywele. Bamba likiwa zima na limetulia, halina ubaya mkubwa. Fundi akilitoboa kwa mashini, nyuzi zinaruka na vumbi, zinaingia mapafuni, na hazitoki tena. Mtu hakohoi siku ile. Anakohoa baada ya miaka 20, 30, hata 40, wakati amekwisha kupata pensheni: mapafu yamekauka, au ni kansa. Akiwa mvuta sigara, hatari ya kansa ya mapafu inaongezeka sana. Tena, mama, sikiliza: katika nchi za viwanda wako wanawake walioupata ugonjwa huu ambao hawakukanyaga kiwandani hata siku moja. Walifua nguo za waume zao tu.

Kwa macho huwezi kujua kwa hakika kama bamba lina amianto. Kwa hiyo bamba lolote la namna hiyo lihesabiwe kuwa nayo. Usilitoboe, usilikate kwa msumeno, usilipige msumari. Kisanduku kifungwe ukutani, juu, kwenye kipande cha ubao. Kitafanya kazi vizuri tu. Ikiwa bamba limekwisha kuvunjika, usifagie pakavu: nyunyiza maji, toa watu, mwite mkubwa wa usalama. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii nyuzi hizi, na barakoa ya kovidi haizizuii pia.

Pale ambapo dari ni ya tripleksi, kuna wenyeji wengine: popo. Wachimbaji wa dhahabu wanajua vizuri habari ya Durba, huko Uele. Kati ya mwaka wa 1998 na 2000 ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, ulikamata watu 154 pale na 128 wakafa. Wengi wao walikuwa wachimbaji wa shimo moja lililojaa popo, na ugonjwa ulikoma shimo lilipojaa maji. Popo wadogo wa dari, wenye kula wadudu, si wale wa Durba, na sitaki mtu achome nyumba kwa ajili yao. Lakini usiwashike kwa mkono mtupu, wazima au waliokufa, na usipige kinyesi chao kikavu kwa ufagio: kinaweza kuwa na ukungu unaougua mapafu. Kinyunyizwe maji, kikusanywe kwa glavu, na fundi anawe kwa sabuni kabla ya kushika muhogo wake.

Tripleksi haibebi mtu. Anayelazimika kutambaa juu yake akanyage miti ya dari tu.

Habari ya ngazi. Nimeona watu wakiweka kiti juu ya meza, au pipa la mafuta likilazwa. Mtu anayeanguka mita mbili na nusu kwenye saruji anaweza kuvunja shingo kama yule aliyeanguka kutoka mnarani. Ngazi ya kuegemeza isimame hivi: kwa kila mita nne za kimo, mguu wake ukae mita moja kutoka ukutani. Mwenzako aishike chini, na asiende kupokea simu. Kifaa kipandishwe kwa kamba au kwa mfuko wa begani, ili mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja, viwe kwenye ngazi sikuzote. Na penye nyaya za umeme tumia ngazi ya mbao iliyokauka, si ya aluminiamu.

Upande wa umeme kuna jambo linalodanganya vijana. Visanduku vingi havina waya wao wa umeme: nguvu inapita ndani ya waya uleule wa mtandao, kama volti 48. Volti hizo kwa kawaida haziui mtu mwenye mikono mikavu. Lakini kile kidude kinachotia umeme ndani ya waya kimechomekwa kwenye volti 220, na hizo zinaua. Kabla ya kugusa chochote, chomoa, na kama kuna jenereta, mwenye jenereta aambiwe. Waya wa mtandao usipitishwe katika bomba moja na waya wa umeme. Usizidi mita 100, la sivyo habari zinapotea njiani. Mengine ni ya fundi: kisanduku kikae juu katikati ya chumba, mbali na mabati na kabati za chuma, maana chuma kinazuia mawimbi, na visanduku jirani vigawiwe njia tofauti, 1, 6 na 11.

Kisha radi. Watu wa Kivu hatuhitaji kufundishwa kuiogopa, ila hesabu zake zinashangaza. Wataalamu waliotumia satelaiti kwa miaka 16 walitoa majibu mwaka wa 2016: mahali pa pili duniani kwa umeme wa radi ni Kabare, Kivu ya Kusini, wenye miale 205 kwa mwaka kwa kila kilometa ya mraba. Ziwa Maracaibo tu, huko Venezuela, linapita. Wengi kwetu wanasema radi imetumwa na jirani. Mimi naona inafuata njia ya chuma, na waya mrefu uliopitishwa nje, kutoka biro hadi depo, ni njia nzuri sana kwake. Haina lazima kupiga biro: ikianguka karibu, nguvu yake inaingia kwenye waya na kutokea kwa mtu aliyeweka mkono kwenye kompyuta. Waya wa nje uzikwe ndani ya bomba la plastiki, uwe na kizuia radi kilichounganishwa na ardhi. Wingu likianza kuwa jeusi, chomoa. Ukiwa umekwisha kusikia ngurumo, acha kama kilivyo, usishike waya wowote, na aliye kwenye ngazi ashuke.

Mtu akipatwa, mambo mawili yasichanganywe. Aliyeshikwa na umeme wa biro usimguse mpaka umezimwa, au umsukume kwa ubao mkavu. Aliyepigwa na radi unaweza kumgusa mara moja, hana umeme uliobaki mwilini. Ikiwa wote wawili hawapumui, fanya namna moja: mlaze chali mahali pagumu, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, sentimita tano hadi sita, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, na kila baada ya mara 30 mpulizie pumzi mbili. Usiache kwa sababu umechoka, mpokezane. Pahali palipoungua pamwagiwe maji safi ya baridi dakika 20. Mafuta ya mawese yabaki jikoni.

Aliyeanguka kutoka kwenye ngazi asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Kichwa na shingo vishikwe vikiwa vimenyooka na mgongo, aletwe juu ya mlango au ubao. Hata akisema hana neno, apite dispansari siku hiyohiyo. Na usiku huo mtu mmoja wa nyumbani amwamshe mara kadhaa amuulize jina lake: akijibu ovyo, akitapika, au mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, mleteni usiku huohuo, msingoje kupambazuke.