Ndoa Inapopelekwa Debeni

Mei 2015 vijana wa Ireland walioko ng'ambo walianza kurudi kwao kwa makundi. Wapo waliovuka bahari kwa meli kutoka Uingereza, na wapo waliotoka Australia, safari ya mchana na usiku mzima angani. Hawakuitwa harusini wala matangani. Walikuja kupiga kura, kwa sababu raia wa kawaida wa nchi hiyo hawezi kupiga kura akiwa ughaibuni. Sharti afike kituoni mwenyewe. Swali lililowarudisha lilitosha mstari mmoja: je, Katiba itamke kwamba watu wawili wanaweza kufunga ndoa kwa mujibu wa sheria bila kujali jinsia zao?

Bunge lisingeweza kulimaliza jambo hilo peke yake. Katiba ya Ireland, ya mwaka 1937, haibadilishwi hata neno moja pasipo kura ya maoni. Wairishi wameizoea kazi hiyo. Mwaka 1986 waliulizwa kuhusu talaka, wakakataa kwa wingi mkubwa. Mwaka 1995 wakaulizwa tena, talaka ikapita kwa tofauti ya kura elfu tisa na ushei nchi nzima. Na mapenzi ya wanaume kwa wanaume yalikuwa kosa la jinai huko hadi mwaka 1993.

Ila swali la kura ya maoni lina mpishi wake, na jikoni ndiko mengi huamuliwa. Ireland iliunda kwanza baraza la watu 100: mwenyekiti, wanasiasa 33, na raia 66 wa kawaida waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Walikaa, wakawasikiliza wataalamu na wahusika wenyewe, wakabishana. Aprili 2013, asilimia 79 yao walipendekeza ndoa hiyo iruhusiwe. Ndipo serikali ikaanza kuandika swali, na hapo kikatokea kichekesho. Katiba ile ina matini mbili, ya Kiirishi na ya Kiingereza, na zikigongana ya Kiirishi ndiyo yenye nguvu. Mkosoaji mmoja akaonyesha kuwa rasimu ya Kiirishi ingeweza kusomwa kana kwamba ndoa sasa ni ya jinsia moja tu, mume na mke wakabaki nje! Ikabidi maneno yaandikwe upya. Sisi tuliokulia katika nchi ambako sheria huandikwa kwa lugha moja na watu wakaishi kwa nyingine tutacheka kidogo, kisha tutanyamaza.

Kampeni yenyewe ilikuwa ya kubisha hodi. Maaskofu Wakatoliki walihimiza Hapana, na hoja iliyotajwa sana upande huo ilikuwa ya mtoto kulelewa na baba na mama. Mary McAleese, rais mstaafu na Mkatoliki aliyesomea sheria za kanisa, akasimama na Ndiyo. Leo Varadkar, waziri wa afya wakati huo, alikuwa ametangaza redioni Januari kwamba yeye mwenyewe ni mpenzi wa jinsia moja. Miaka miwili baadaye akawa waziri mkuu. Kura zilipohesabiwa, Ndiyo ilipata asilimia 62. Kati ya majimbo 43, ni moja tu, Roscommon–South Leitrim, lililosema Hapana. Siku hiyohiyo wapiga kura waliulizwa pia kama umri wa kugombea urais ushushwe kutoka miaka 35 hadi 21. Wakakataa kwa asilimia 73. Kwa hiyo mtu asidhani walikuwa wakiweka alama ya Ndiyo popote walipoiona.

Ushindi huo una uzito ambao hukumu ya mahakama haiwezi kuupata, nakiri. Lakini kila nikiusoma mkasa huu, fikra yangu humrudia yule aliyesimama mlangoni kwa mtu asiyemjua, jioni, kwenye baridi, akimwomba kura ili aruhusiwe kuoa. Aliyekuwa ndani hakuwahi kulazimika kumwomba hivyo mtu yeyote.

Na kwingine hodi hizo hazikuitikiwa. Slovenia, Bunge lilipitisha sheria ya ndoa ya jinsia moja mwaka 2015. Wapinzani wakaipeleka debeni, ikaangushwa Desemba ingawa waliojitokeza walikuwa kama theluthi moja tu ya wapiga kura. Mwaka 2022 Mahakama ya Katiba ikaitambua haki hiyo. Romania ilikuwa kinyume chake. Mwaka 2018 zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walitaka Katiba iseme ndoa ni ya mume na mke, lakini waliofika vituoni walikuwa asilimia 21 na sheria ilidai 30. Walioipinga hoja hiyo walishinda kwa kukaa nyumbani.

Pwani ya Kenya hatuhitaji kwenda mbali kuielewa hali hii. Katika kura ya maoni ya mwaka 2010, rangi ya kijani ikiwa Ndiyo na nyekundu ikiwa Hapana, Mahakama ya Kadhi ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyozua kelele kubwa katika katiba mpya. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga, na Mei mwaka huo Mahakama Kuu ikatoa hukumu dhidi yake. Muislamu wa Lamu au Mombasa akabaki akingoja Agosti aone kama walio wengi watamwachia mirathi na ndoa zake. Kijani ikashinda. Ndani ya kijani hiyohiyo kulikuwa na Ibara ya 45, inayompa mtu mzima haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti. Hakuna aliyeulizwa swali la peke yake juu ya maneno hayo. Wengi waliotetea Kadhi wasingekubali kamwe kulinganishwa na wanandoa wa Dublin, na sitawalazimisha. Ninacholinganisha ni foleni ya kungoja uamuzi wa walio wengi, imani kila mtu abaki na yake.

Machi 2024 Wairishi waliitwa tena. Safari hii vyama vyote vikubwa vilikuwa upande wa Ndiyo, na swali lilikuwa kama familia itambuliwe pia nje ya ndoa, katika mahusiano mengine ya kudumu. Zaidi ya theluthi mbili walikataa. Mitaani watu walikuwa wakiuliza jambo ambalo serikali haikuwa na jibu lake la moja kwa moja: kudumu kwa muda gani?